Kadi za biashara: inayong'aa, isiyong'aa, karatasi tupu au ya chipu?

Mshona Mapazia
Salamu kwenu nyote. Ninashona mapazia na vitambaa vya makochi, na sasa nahitaji kadi za biashara. Mchapaji amenionyesha sampuli tatu, zote za gramu 350 kwa mita mraba: iliyolaminishwa (yaani kufunikwa utando mwembamba wa plastiki) ikang'aa, iliyolaminishwa bila kung'aa, na ya karatasi tupu. Amenitajia pia kadi ya plastiki yenye chipu ya NFC, ambayo huguswa kwa simu ili mteja apate namba zangu. Mimi humpa mteja kadi nyumbani kwake, baada ya kupima madirisha. Ipi inanifaa?

Mchapaji Mstaafu
Dada, jibu limo katika sentensi yako ya mwisho. Ukishapima madirisha, mteja atataka kuandikiwa siku utakayorudi au kiasi cha kitambaa kinachohitajika, na hapo ndipo kadi hizi zinapoachana. Kwenye ile inayong'aa wino wa kalamu huteleza, na hata ukishika hufutika kwa kidole kabla haujakauka. Isiyong'aa ina nafuu kidogo, lakini juu yake nayo ni plastiki. Karatasi tupu hupokea kalamu yoyote, ila hunyonya maji na kuchafuka mapema. Ningekushauri ulaminishe upande wa mbele peke yake na kuuacha wa nyuma mtupu. Fahamu tu kwamba kadi ya namna hiyo huweza kujikunja, kwa sababu upande mtupu hunyonya unyevu na kutanuka ilhali ule wenye plastiki hautanuki. Kwa hiyo usishuke chini ya gramu hizo 350, na uzihifadhi zikiwa zimebanana ndani ya kisanduku.

Mbunifu wa Nembo
Naunga mkono, na ninaongeza suala la rangi. Ukichagua laminesheni isiyong'aa, epuka kujaza kadi nzima rangi nyeusi au buluu iliyokolea, kwani mikwaruzo na alama za vidole huonekana waziwazi, na kingo zikianza kuchakaa weupe wa karatasi hujitokeza. Rangi ya usuli ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, na maandishi yakae ndani angalau milimita 4, maana kisu cha mashine hakikati mahali palepale kila mara.

Kuhusu ukubwa, milimita 85 kwa 55 zinakaribiana mno na kadi ya benki, hivyo zinaingia katika pochi bila shida. Kipimo cha Marekani, takriban 89 kwa 51, ni kirefu zaidi. Ukitaka msimbo wa QR, usiwe chini ya sentimita 2 kila upande, uzungukwe na nafasi nyeupe, na ubebe anwani fupi. Kadiri unavyoujaza maelezo ndivyo vijiraba vyake vinavyozidi kuwa vidogo, na simu yenye kamera dhaifu hushindwa kuusoma.

Fundi Majokofu
Mimi ninaitumia ya NFC, na siidharau: namba ikibadilika, ninarekebisha ukurasa wa mtandaoni ambao kadi humfungulia mteja, bila kuchapisha upya. Hata hivyo, lazima simu isogezwe karibu kabisa, na simu nyingi za bei ndogo hazina uwezo huo. La msingi zaidi ni kwamba kadi hiyo hubaki mfukoni mwangu. Wateja wangu hubandika kadi ya karatasi mlangoni mwa jokofu na kunipigia linapoharibika, pengine muda mrefu baadaye, wakati jina langu limekwisha kupotea kati ya majina mengi simuni. Mapazia nayo hayashonwi kila mwezi.

Mshona Mapazia
Ahsanteni sana. Nitachukua iliyolaminishwa mbele bila kung'aa, nyuma ikiwa tupu na mistari miwili ya kuandikia. Je, niagize nyingi kwa pamoja ili bei ishuke?

Mchapaji Mstaafu
Kwa mara ya kwanza, hapana. Uchapaji wa ofseti hushusha bei ya kila kadi kwa sababu gharama ya kutengeneza sahani, yaani bamba la kuchapia lenye picha ya kadi, hugawanywa katika nakala nyingi, lakini ukihama au ukibadilisha namba, mzigo wote unakuwa taka. Anza na chache za dijitali, zinazochapwa moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta, ambazo hazihitaji sahani, na kabla hazijachapwa zote omba nakala moja ya majaribio iliyo kwenye karatasi yenyewe. Ipige namba iliyoandikwa humo, kisha uandike nyuma kwa kalamu unayobeba kazini.