Safari ya siku ya kuzaliwa kwenye mji mdogo: mgahawa wa kukumbukwa mnaupataje?

Chumvi Kiasi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Tuko watu 6, tunampeleka mwenzetu kwenye mji mdogo kusherehekea siku yake ya kuzaliwa, na hakuna kati yetu anayeujua mji huo. Tunaingia Ijumaa mchana, tunatoka Jumapili. Mlo wa sherehe ni Jumamosi usiku. Nikifungua ramani kwenye simu naona migahawa kama 15, karibu yote ina nyota 4 na ushee, na picha zinafanana. Kuchuja ndiko kunakonishinda.

Keki tunataka kwenda nayo wenyewe. Halafu mmoja wetu ana mzio mkali wa karanga. Mwenye uzoefu anieleze pa kuanzia, na mitego ya miji midogo pia.

Kijiko Kirefu

Anza na hesabu ya nyota, maana ndiyo inayowapoteza wengi. Kwenye mji mdogo utakuta mgahawa una maoni 12 tu na wastani wa 4.9. Maana yake watu 11 wametoa 5 na mmoja ametoa 4. Wakija wateja 2 wenye hasira, kila mmoja akatoa 1, wastani unaporomoka hadi 4.36. Mgahawa wenye maoni 600 na wastani wa 4.4, ukipata hao hao wawili, unabaki na 4.39. Kwa hiyo 4.9 ya watu 12 bado haijakuambia kitu.

Panga maoni kwa tarehe, mapya yatangulie, kisha soma ya nyota 3 kabla ya mengine yote. Wa nyota 5 huandika "pazuri sana" akaishia hapo, wa nyota 1 mara nyingi ana ugomvi wake na mhudumu. Wa nyota 3 ndiye anayeeleza: samaki alikuwa mzuri, ila alichukua dakika 50 kufika. Ukiona malalamiko ya chakula yameanza ghafla mwezi fulani na hayajakoma, huenda mpishi ameondoka au mgahawa umeuzwa. Jiko la watu 3 likimpoteza mpishi wake mkuu, sifa za mwaka jana hazina kazi tena.

Picha za mgahawa wenyewe ziache, tazama za wateja. Tafuta chakula kilekile kilichopigwa picha na watu tofauti katika miezi tofauti. Kama kipimo na rangi havibadiliki, jiko lina mkono mmoja. Tazama na menyu: vyakula 70 vya mataifa matano kwenye jiko dogo maana yake friza imejaa na kikaangio hakipumziki. Menyu ya vyakula 8 hadi 15, viwili vimekatwa kwa kalamu kwa sababu vimeisha, hiyo mimi naiamini.

Na usitafute mji wako kwenye mwongozo wa Michelin, ule wa Kifaransa unaotunuku nyota migahawa bora, ukakata tamaa. Ulianza 1900 ukiwa kijitabu cha wenye magari, nyota zikaanza kutolewa 1926, na hadi leo kuna nchi nyingi haujazifikia. Kutokuwemo si hukumu.

Sufuria Nzito

Kijiko Kirefu kamaliza ya kwenye simu. Naongezea ya midomoni mwa watu.

Mgeni akiuliza "wapi wanapika vizuri?", mwenyeji humtajia mahali penye jengo zuri, hata kama yeye mwenyewe hali pale. Uliza hivi: "Ukitaka kumfurahisha mama yako unampeleka wapi, na mnaagiza nini?" Asiyeweza kutaja chakula anakisia tu. Waulize wauza samaki, wauza mboga na waokaji mikate, maana wao wanajua nani anakuja alfajiri kuchagua na nani anakuja jioni kugombania mabaki. Mpokezi wa hoteli na dereva nao waulize, ila wengine hulipwa kamisheni kwa kila mteja wanayempeleka. Jina likitajwa na watu wawili wasiofahamiana, liandike.

Halafu uzuri wa kufika Ijumaa ni kwamba mna nafasi ya kujaribu. Wawili wenu wapite mapema jioni pale mlipoweka nafasi ya Jumamosi, waagize supu na kile kinachosifiwa, basi. Wanachunguza nini? Cha moto kimefika kikitoa mvuke au vuguvugu. Mafuta ya kukaangia yana harufu ya kuchakaa au la. Choo. Kisha wamuulize mhudumu: "Leo kimeingia nini kibichi?" Anayejibu papo hapo anafanya kazi mahali ambapo wahudumu na wapishi wanaongea. Anayesema "vyote vizuri" hajui, na Jumamosi hatajua pia. Pakiwaangusha, mna siku nzima ya kuhamia chaguo la pili, kwa hiyo chaguo la pili liwepo tangu nyumbani.

Vyakula vya kujipakulia kuweni navyo macho. Shirika la Afya Duniani linataka vya moto vikae juu ya nyuzi 60, vya baridi chini ya nyuzi 5, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Sinia la vuguvugu mwisho wa mchana lipite tu.

Meza ya Dirishani

Wakuu mmesema vizuri, lakini meza ya watu 6 mara nyingi haiharibiwi na mpishi, inaharibiwa na mipango.

Pigeni simu siku 7 hadi 10 kabla, kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, wateja wa mchana wakiwa wameondoka na wa usiku hawajafika. Ukipiga saa mbili usiku, anayepokea ana sahani mkononi na jina lako linaandikwa kwenye kipande cha karatasi kitakachopotea. Ongea na meneja au mwenye mgahawa, si mhudumu, maana zamu hubadilika.

Usiulize "mnafunga saa ngapi?" Uliza "oda ya mwisho jikoni ni saa ngapi?" Jiko linaweza kuzima dakika 30 hadi 60 kabla ya mlango kufungwa, na mkichelewa mtapewa menyu ya vitafunwa. Saa zilizoandikwa kwenye ramani msizitegemee: sehemu nyingi ndogo hufunga siku moja au mbili kwa wiki, au hufunga kati ya mlo wa mchana na wa usiku, na hakuna anayekumbuka kurekebisha mtandaoni. Ulizeni pia kama meza ni yenu usiku kucha au kuna watu wanaipokea mkishakaa kwa muda wa saa 2.

Sasa chakula. Jiko lenye mafiga 4 au 6 haliwezi kutoa sahani 6 tofauti kwa wakati mmoja. Wawili watamaliza kula wengine wakitazama. Ombeni menyu mapema, mchague aina 3 kwa jumla, mwambieni siku moja kabla. Au agizeni sahani kubwa za kugawana. Fikeni mapema mgahawa ukifunguliwa, au baada ya kundi la kwanza kula; katikati ndipo jiko huzidiwa.

Kabla ya kukata simu maliza la bili: moja au ya kila mtu peke yake, malipo ya simu na kadi wanapokea au taslimu tu, na ada ya huduma imo au haimo. Siku moja kabla piga tena kuthibitisha.

Chumvi Kiasi

Asanteni sana. Kuna mmoja uko ghorofani, una mandhari nzuri mno, ila maoni ya chakula ni ya kawaida. Kwa siku ya kuzaliwa si afadhali mandhari?

Meza ya Dirishani

Gawa. Machweo mkanywe pale, piga picha zenu, kisha mkale kwingine. Giza likishaingia, mandhari mengi ya mji mdogo ni taa chache na bei ileile.

Zamu ya Usiku

Nasema kutoka upande wa jiko. Mzio wa karanga usiutaje kwa mara ya kwanza mkiwa mmeshaketi. Useme kwenye simu, urudie kwa kuandika, na mgonjwa abebe kadi kwa lugha ya hapo: "Hawezi kula karanga hata kidogo, wala mafuta yake, wala kilichogusana nazo." Maneno ya mwisho ndiyo muhimu. Mpishi anaweza kuondoa karanga kwenye sahani yake na bado akatumia kijiko, ubao au mafuta yaliyopitisha chakula chenye karanga. Kupika hakuuondoi mzio. Muulizeni maswali yasiyojibika kwa "ndiyo": mnakaangia mafuta gani, mchuzi huu mmetengeneza wenyewe au ni wa kopo, nyama mnaiviringisha kwenye nini? Akijibu kwa kusitasita, chakula cha mwenye mzio kiwe cha kuchoma au kuchemsha kwenye chombo kilichooshwa, bila mchuzi. Au badilisheni mgahawa, hakuna aibu. Sindano ya adrenalini, ile ya dharura mzio ukimshika, iwe mezani, si kwenye begi hotelini.

Keki: uliza kama wanaruhusu ya nje na kama wanatoza ada ya kuikata. Ya kipenyo cha sentimita 20 inawatosha na kubaki. Pima boksi na uwatajie kimo chake, maana friji za migahawa hujaa masinia na boksi refu haliingii. Litawekwa juu ya friji, kwenye joto, na krimu italegea. Ikiwa ya siagi, itolewe dakika 30 hadi 60 kabla ya kukatwa, la sivyo inakuwa ngumu na haina ladha. Ya krimu ya maziwa ikae kwenye baridi hadi dakika ya mwisho. Kisu kichovye maji ya moto, kifute, ndipo kikate. Fataki za kwenye keki omba ruhusa, kwenye chumba chenye dari fupi zinaweza kuwasha kengele ya moshi.

Na muulizeni mwokaji wa keki kama ametumia unga au lozi zilizokaa jirani na karanga. Kundi zima huhangaika na menyu, halafu anayedhurika anadhurikia kwenye keki waliyokuja nayo.

Chumvi Kiasi

Hilo la keki sikuwa nimeliwaza kabisa. Nampigia mwokaji kesho asubuhi, jioni napigia mgahawa.

Zamu ya Usiku

Alasiri, mkuu. Si jioni.