Watoto kuvaa viatu vya magurudumu Disney, mnaonaje?

Mama Nasri
Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana hapa nyumbani tumeshindwa kuelewana kabisa. Tuko Houston, mwezi wa saba shule zikifungwa tunaenda kwenye bustani za michezo za Disney huko Orlando, Florida, siku nne, wanangu wawili (miaka 9 na 7) na mpwa wangu wa miaka 11. Sasa baba yao kawanunulia Heelys, vile viatu vyenye gurudumu kwenye kisigino, sio katambuga za tairi la gari tulizovaa sie utotoni. Wamevipenda mno, hata kulala wanaviweka pembeni ya mto. Na kweli wameshajua, wanaserereka barabara ya mtaani kwetu wanakwenda wanarudi, sijaona mtu kuanguka wiki ya tatu hii. Baba yao anasema wavae hivyohivyo Disney kwa sababu kule ni kutembea kutwa nzima, safari iliyopita yule mdogo ilipofika saa nane mchana alikuwa keshachoka hoi, nikambeba mgongoni mpaka jioni na mgongo ukaniuma wiki nzima, kwa hiyo wakiwa na magurudumu hawatochoka. Mie roho inasita tu ila sina sababu ya kumwambia akanielewa. Ni uoga wangu? Kuna ambaye watoto wake wameshavaa kwenye hizi bustani kubwa za michezo?

Kisimani
Dada usijisumbue, haviruhusiwi. Disney wameandika kabisa kwenye sheria zao za kuingia, viatu vyenye magurudumu vimewekwa kundi moja na skatebodi na skuta za watoto. Florida na California ni hivyohivyo. Soma kwenye tovuti yao kabla hujafunga mabegi, msije mkafika getini na watoto watatu wanalia.

Mama Nasri
Asante sana, hilo sikulijua. Ila nikimwambia baba Nasri najua atasema tutatoa magurudumu getini tukishaingia tunarudisha, maana yanatoka kuna kale kachuma kamekuja nayo na vizibo vya kuziba lile tundu.

Baba Watatu
Mimi niko upande wa mzee hapo, sio kwenye kudanganya getini hapana, ila kwenye hofu. Wangu wamevaa hivyo viatu miaka miwili na wamepata mazoezi, wameacha kukaa na simu kutwa. Mtoto anaanguka kwenye baiskeli, anaanguka kwenye mpira, anaanguka juu ya mti wa mwembe kama tulivyoanguka sisi. Tukikataza kila kitu tutalea watoto wa aina gani? Mfundishe vizuri, mvalishe helmeti, mwache acheze. Kama bustani imekataza sawa, heshimu, lakini ziko bustani ndogondogo hawajaandika chochote, hapo mimi naona ni uamuzi wa mzazi.

Nesi wa Leicester
Baba Watatu nakuheshimu kaka yangu na kwenye baiskeli nakubaliana na wewe, ila hapa kuna tofauti naomba nieleze kidogo maana ndiyo kazi yangu ya kila siku.

Mtu akiendesha baiskeli akianguka mara nyingi anaanguka mbele au ubavu. Kwenye hivi viatu gurudumu liko kisiginoni, ili userereke lazima uinue vidole na uzito wote uende nyuma, mguu mmoja umetangulia. Kwa hiyo kikikwama kitu kidogo tu, kijiwe, ufa wa sakafu, mtoto anakwenda chali. Na akienda chali mikono inakwenda nyuma kujizuia, hapo ndipo kiganja na mfupa wa karibu na kifundo cha mkono, pale pa kuvalia saa, vinapovunjika. Mwaka 2006 kiangazi hospitali moja ya watoto ya Dublin, Ireland, ilihesabu watoto 67 waliofika na majeraha ya viatu hivi na ya yale magurudumu ya kufunga kwenye kisigino cha kiatu cha kawaida, ndani ya wiki 10 tu, na mfupa uliovunjika zaidi ulikuwa huohuo wa mkono. Wengi walikuwa ndio wanajifunza. Mwaka uliofuata madaktari wa mifupa Marekani wakawa wanawaambia wazazi helmeti na vikinga vya mikono, magoti na viwiko. Sasa niambie, nani anampeleka mtoto Disney amevaa helmeti na vikinga vya mikono kwenye joto la mwezi wa saba? Hakuna. Ndiyo maana nasema kule hapana, mtaani kwako na vikinga vyake sawa.

Halafu breki. Breki ya hivi viatu ni kuinua vidole zaidi mpaka raba ya nyuma iburuze chini, inataka nafasi ya mbele. Kwenye umati mtu wa mbele anasimama ghafla kupiga picha, nafasi iko wapi?

Bint Mkunazini
Mie nimesoma hapa moyo ukaenda mbio. Mwaka jana tulimpeleka mama mkwe kwenye bustani moja, sitaitaja maana sitaki maneno, bibi ana miaka 71 na ndiyo mara yake ya kwanza kutoka Unguja kuja kututembelea. Amesimama zake anatazama maandamano ya wale wanasesere, kashika mkono wa mjukuu, mara kijana wa miaka kama 10 katokea nyuma kwenye viatu hivyohivyo, hakuwa na fujo wala nini, alikuwa anamkimbilia mama yake. Akamgonga bibi miguuni. Bibi akakaa chini kwa kishindo, nyonga haikuvunjika alhamdulillah lakini wiki tatu alikuwa anasali kwenye kiti. Na yule mtoto jamani alilia kuliko bibi, bibi ndiye akawa anambembeleza, basi mwanangu, basi. Mama yake alikuwa anatetemeka anasema mwanangu anajua kuviendesha, anajua. Na nina hakika anajua kweli. Bibi yangu ndiye hakujua kama kuna mtu nyuma.

Kwa hiyo Mama Nasri usijiulize tu kama wanao wataanguka.

Baba Watatu
Pole sana dada, na pole kwa bibi. Hilo la watu wengine kusema kweli sikuliwaza, nilikuwa nawaza wangu tu. Narudisha maneno yangu ya bustani ndogondogo, hata kama hawajaandika.

Fundi Sakafu
Niongeze la sakafu maana watu wanadhani kule ni laini kama kwenye moli. Ukiingia Magic Kingdom, mojawapo ya bustani za Disney za hapo Orlando, ile barabara ya mwanzo kabisa kuna reli za gari la farasi zimepita katikati, ule mfereji wa reli ndio mtego wenyewe, hata vigari vya watoto vinanasa. Mbele huko kuna sehemu za mawe, sehemu za mteremko, madaraja. Na Florida kiangazi mvua ya alasiri ni karibu kila siku, sakafu ikilowa gurudumu halishiki. Jamaa aliyevibuni hivi viatu, Roger Adams, amekulia kwenye ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu wa wazazi wake huko Tacoma, Marekani, sakafu ya ukumbi ule na njia yenye reli na maji ni vitu viwili tofauti.

Na lile la kuziba tundu ukatembea navyo, jaribu kwanza siku moja dukani. Soli ni nene na nzito, mtoto atachoka kuliko angevaa raba za kawaida, na wewe ulikuwa unatafuta asichoke.

Mama Nasri
Nimewasomea wote kwa sauti hapa sebuleni. Baba Nasri kanyamaza pale pa bibi, akasema basi viatu vinabaki Houston, tena akasema anaagiza vikinga vya mikono kwa ajili ya hapa mtaani maana hata hivyo hatukuwa navyo. Nawashukuru sana, na Bint Mkunazini mfikishie bibi salamu zetu.

Ila nimebaki na tatizo langu la mgongo. Huyu wa miaka 7 nimfanyeje?

Nesi wa Leicester
Kigari cha kusukuma dada. Usione haya, kule utaona wa miaka 7 na hata 8 wamekaa na hakuna anayewatazama mara mbili.

Kisimani
Kweli kabisa, na vya kukodi vipo humohumo ndani. Ukibeba chako kipime kwanza, tangu mwezi wa tano 2019 hawaruhusu kinachozidi inchi 31 upana na 52 urefu, na yale matoroli ya kuvuta wamekataza. Mengine ni ratiba, ingieni asubuhi geti linapofunguliwa, saa saba jua likiwa kali rudini hotelini mlale, mrudi saa kumi na moja. Sisi tulifanya hivyo siku zote tatu na hakuna aliyebebwa.

Mama Nasri
Inchi 31, naenda kupima chetu sasa hivi kiko gereji.