Konokono wasio na gamba wanamaliza saladi: punje, majivu au bata?

Tuta_la_Lushoto: Wakuu, miche ya saladi na kabichi inaliwa usiku. Jumamosi naenda duka la pembejeo. Ninunue dawa ya punje, au majivu yanatosha? Wengine wanasema bata ndiye kiboko yao.

Jembe2: Hujasema eneo lina ukubwa gani, una mifugo ipi, unamwagilia saa ngapi. Ute unaong'aa upo? Mche ukikatwa shinani bila ute, huyo ni sota (kiwavi anayekata miche), dawa yake nyingine.

Tuta_la_Lushoto: Ute upo. Matuta manne, kila moja mita 1 kwa 5. Namwagilia jioni. Mbwa mmoja, kuku sita.

Fundi Mboga: Kwa mbwa na kuku, dawa ya punje yenye metaldehaidi (sumu ya konokono) iache dukani. Punje zake hutengenezwa kwa nafaka, mbwa huzila kama chakula. Baada ya saa chache anatetemeka, joto linapanda, degedege inafuata, na sumu hiyo haina kiuasumu. Uingereza ilipiga marufuku kuitumia nje mwaka 2022. Kosa la wengi ni kuimwaga kwa mafungu shinani. Mvua ikinyesha, konokono aliyeila anafyonza maji na kupona, fungu linabaki kumsubiri mbwa. Chukua punje za fosfeti ya chuma, kwa kawaida gramu 5 kwa mita ya mraba (kibandiko ndicho cha kufuata). Kwako ni gramu 100, zitawanye. Usitafute mizoga: konokono wanaacha kula, wanajificha na kufa baada ya siku kadhaa.

Mgombani: Hela ya nini? Laza magome mabichi ya mgomba kati ya matuta jioni. Alfajiri yapindue, waokote kwa glavu, watie kwenye maji ya sabuni. Glavu ni lazima, wanaweza kubeba minyoo ya mapafu ya panya. Saladi nayo ioshwe jani kwa jani. Na mwagilia asubuhi! Udongo ukiwa mkavu juu, usiku hawatembei sana.

Jembe2: Bata waingie kabla ya kupanda tu. Saladi wanaila pia.

Tuta_la_Lushoto: Na majivu?

Jembe2: Umande mmoja tu, yanaisha nguvu. Ukirudia kila siku udongo unakuwa na magadi.

Fundi Mboga: Hapo sikubali. Udongo wa milimani mwingi una tindikali, majivu huipunguza, na kabichi ikipata majivu kidogo hupungukiwa ugonjwa wa uvimbe wa mizizi.

Mgombani: Kidogo ni kiasi gani? Na ni ya kuni au ya mkaa?

Jembe2: Apime udongo kwanza.