Chaneli za TV zinakatakata kwenye kompyuta ya sebuleni: kadi mpya, kiboksi kidogo au setingi tu?

sebule_hd

Wadau naombeni msaada. Nina kompyuta nimeichomeka kwenye TV ya sebuleni kwa HDMI, ndo tunaangalizia kila kitu, chaneli za antena kupitia tyuna ya USB, muvi zilizoko kwenye hadidisk na vitu vya intaneti kidogo. Prosesa ni Core i3 kizazi cha 4, grafiki ni ile ya Intel ya ndani kwa ndani, RAM GB 8, Windows 10, natumia Kodi (programu ya kuchezea video na chaneli). Muvi zinaenda fresh, shida iko kwenye chaneli za TV. Mpira ukichezwa kamera ikihama upande mmoja kwenda mwingine picha inakatakata, na yale maandishi ya habari yanayopita chini ya skrini yanarukaruka badala ya kuteleza. Sauti haikatiki hata kidogo. CPU nikiiangalia haifiki hata nusu.

Nafikiria njia tatu: niongeze kadi ndogo ya grafiki, au niachane na hii mashine niweke Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bodi moja) yenye LibreELEC (mfumo mwepesi wa kuendeshea Kodi tu), au nitoe tyuna ya USB niweke ile ya kuchomeka kwenye ruta. Wenye uzoefu nilinganishieni, ipi inamaliza tatizo?

kadi_pembeni

Mimi ningeenda na kadi mkuu. Grafiki ya Intel ya kizazi cha 4 inadekodi (inafungua video iliyobanwa) MPEG-2 na H.264 kwenye chipu yenyewe, lakini HEVC, aina mpya zaidi ya kubana video, haiiwezi kikamilifu, inamwachia CPU. Na mambo yanaelekea huko, Ujerumani DVB-T2 yao (matangazo ya dijitali ya antena) ilianza na HEVC moja kwa moja mwaka 2017. Ila uwe makini, usichukue kadi ya Nvidia GT 710 kwa sababu ni ndogo na haina feni ukadhani umemaliza, ile haidekodi HEVC. Angalau GT 1030, ina HEVC ya biti 10, kuna za kesi nyembamba na haihitaji waya wa umeme kutoka pawa saplai.

fremu_kwa_fremu

Jamani tusimkimbize kununua vitu kabla hatujajua nini kinaumwa. Hii "kukatakata" watu wanaitumia kwa matatizo manne tofauti kabisa, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni signo. Signo ikiwa mbovu picha inavunjika vibokisi vya mraba, inaganda, na sauti nayo inakatika au inatoa mlio. Wewe sauti yako iko safi, kwa hiyo hilo naliweka pembeni. La pili ni mashine kushindwa kudekodi, hapo CPU inapanda juu, fremu zinadondoka na mara nyingi sauti inaanza kuitangulia picha. Hilo nalo sioni kama ni lako. La tatu na la nne ndo nayashuku, na yote mawili kadi mpya haiyagusi.

La tatu ni diintalesi. Chaneli nyingi za HD bado zinarushwa 1080i, maana yake kila sekunde zinakuja nusu-picha 50 (sehemu nyingine za dunia kama Marekani ni 59.94), kila nusu ina mistari 540, moja ina mistari ya witiri inayofuata ya shufwa. Programu inatakiwa izitengeneze ziwe picha nzima, kazi hiyo ndo diintalesi. Ikizishonea tu mbilimbili bila akili unaona kingo za kitu kinachokimbia zimekuwa kama meno ya kitana. Ikitengeneza picha nzima 25 tu kwa sekunde unakuwa umetupa nusu ya mwendo, picha inaonekana safi ukiisimamisha lakini mpira na maandishi yanayopita yanaruka. Ikitengeneza picha 50, moja kwa kila nusu, hapo ndo unapata ule mteremko laini unaouona kwenye TV ya kawaida ikichomekwa antena moja kwa moja. Hata yadif, njia ya diintalesi ambayo watu wengi wanaijua, ina modi ya 25 na modi ya 50, sasa mtu akiwa kwenye ya 25 anasema yadif mbaya.

La nne ni skrini na video kutokwenda mwendo mmoja. Windows karibu kila mara inaipa TV Hz 60, yaani skrini inachorwa upya mara 60 kwa sekunde. Ukiwa na fremu 50 kwenye Hz 60, kila fremu ya tano inabidi ionyeshwe mara mbili, yaani mikwaruzo 10 kila sekunde, na jicho linaiona vizuri sana kwenye kitu kinachotembea kwa mwendo sawasawa kama maandishi ya chini. Hata prosesa ya bei mbaya kuliko zote duniani itakupa mkwaruzo huohuo, maana hapo hakuna kinachochelewa, ni hesabu tu hazigawanyiki.

Fanya hivi kabla ya lolote: cheza chaneli inayosumbua, bonyeza herufi O kwenye kibodi. Kodi itakuandikia juu jina la dekoda, kama ni ya chipu utaona HW, itakuandikia na njia ya diintalesi na fremu kwa sekunde. Halafu angalia setingi za skrini za Windows, TV iko Hz ngapi. Tuletee majibu.

rasiberi

Nakubaliana na fremu_kwa_fremu, ila na mimi niseme la Pi kwa sababu imeulizwa. Nina Pi 4 nyumbani na naipenda kwelikweli, haina kelele, umeme inakula kidogo, LibreELEC inawaka moja kwa moja kwenye Kodi, hakuna Windows inayokuja kujiapdeti katikati ya fainali. HEVC inadekodi kwenye chipu mpaka 4K fremu 60, H.264 mpaka 1080.

Lakini kwa chaneli za antena za 1080i sio chaguo la macho kufumba. Pi 4 haina dekoda ya chipu ya MPEG-2, inafanya kwa CPU, chaneli za SD (zisizo HD) inaziweza bila shida. Kinachotakiwa kuangaliwa ni diintalesi, LibreELEC 10 ilipotoka upande wa Pi 4 diintalesi ilikuwa pengo kubwa, kwa hiyo kabla hujafomati kadi ya kumbukumbu soma maelezo ya toleo unaloliweka. Na mtu asikwambie Pi 5 ni bora kwa kila kitu, wameitoa dekoda ya H.264 kwenye chipu, imebaki ya HEVC, CPU yake ina nguvu ya kuibeba 1080 lakini ujue ndo hivyo.

Kwa anayeangalia mafaili tu, Pi. Kwa anayeangalia mpira wa antena, mimi ningebaki na hiyo Intel, ina diintalesi nzuri kwenye chipu miaka yote.

waya_kwanza

Hii njia ya tatu ya tyuna ya ruta naomba niizungumzie maana naona watu wanaidandia. Ni nzuri kama unataka vyumba viwili vitatu viangalie kutoka antena moja, au kompyuta iko mbali na waya wa antena. Kwa kukatakata kwako haisaidii kitu, kinachofika ni mkondo uleule wa 1080i, diintalesi bado ni kazi ya kompyuta.

Na inaweza kukuongezea tatizo jipya ukiipitisha kwenye waifai. Mux nzima (furushi la chaneli kwenye masafa mamoja) ya ATSC, mfumo wa TV ya dijitali wa Marekani, ni megabiti 19.39 kwa sekunde, chaneli moja ya HD kwingine inakuwa chini ya hapo, kwa hiyo hata waya wa mtandao wa zamani wa megabiti 100 unabeba bila kutoka jasho. Waifai ya 2.4 GHz kwenye makaratasi inabeba pia, shida yake inabeba kwa kushtukashtuka, jirani akiwasha yake au mtu akipita na bluetooth inayumba sekunde moja, na TV ya moja kwa moja haina bafa (akiba ya video) kubwa ya kusubiri kama muvi ya intaneti. Waya kama inawezekana, ikishindikana basi 5 GHz na ruta iwe chumba hichohicho.

sebule_hd

Asanteni sana aisee. Nimebonyeza O. Chaneli ya mpira: H.264, dekoda imeandikwa HW, fremu 25. Skrini ya Windows iko Hz 60. Muvi zangu nyingi nikiziangalia ni 23.976. Sasa mbona hizo hazinisumbui wakati nazo hazigawanyiki kwa 60?

fremu_kwa_fremu

Swali zuri sana hilo. Muvi ya 23.976 kwenye Hz 60 fremu moja inakaa mara mbili inayofuata mara tatu, mbili tatu mbili tatu, huo mkwaruzo upo ila tumeuzoea, na mtengenezaji wa muvi anajua kamera haitakiwi kuhamishwa haraka kwenye fremu 24. Mpira hauna adabu hiyo, kamera inakimbia muda wote. Ukiwa na jicho kali utauona hata kwenye muvi majina yanapopanda mwishoni.

Sasa fanya mambo mawili, kwa mpangilio huu. Nenda setingi za Kodi, Player, Video, kuna kipengele cha kurekebisha rifreshi reti (Hz) ya skrini ifuate video, kiweke kifanye hivyo video inapoanza na inapoisha. Usipokiona panda ngazi ya setingi iwe ya juu zaidi, kinafichwa kwa wanaoanza. Kisha ukiwa ndani ya chaneli fungua setingi za picha, upande wa diintalesi usiiache imezimwa, iweke otomatiki au chagua ile ya chipu. Ukifungua chaneli TV itakuwa nyeusi sekunde moja mbili, usiogope, inahamia Hz 50.

Kingine, kuna kipengele cha kulazimisha video ifuate skrini kwa kuirekebisha sauti kidogokidogo. Usikiwashe kwa sasa, ukikiwasha Kodi inaacha kupitisha sauti ya Dolby ghafi kwenda kwenye risiva ya spika. Na upande wa TV zima ile ya kulainisha mwendo wakati unajaribu, vinginevyo hutajua nani kafanya nini.

kadi_pembeni

Sawa, kwa H.264 yenye HW nakubali kadi isubiri. Ila bosi fungua kesi uangalie RAM, kama hizo GB 8 ni kijiti kimoja weka viwili vya 4. Grafiki ya ndani inakopa RAM ya mashine, kijiti kimoja ni nusu ya njia, na diintalesi nzuri inakula hiyo njia. Pia puliza vumbi kwenye feni.

sebule_hd

Mrejesho. Hz 50 imekubali, maandishi ya chini yanateleza kabisa, mpira umetulia mpaka mke wangu kauliza nimebadilisha TV. RAM kweli ni kijiti kimoja, nitaongeza. Sasa imebaki chaneli moja tu, hiyo inavunjika vibokisi mara mojamoja hasa usiku na sauti inakatika. Setingi au?

waya_kwanza

Hiyo sasa ndo signo, setingi hazihusiki. Kama kuna kigawanyio kati ya antena na tyuna kitoe, chomeka moja kwa moja, angalia usiku uleule. Kama una bustá (kikuza signo) izime pia ujaribu, signo kali kupita kiasi inaizidi tyuna na inavunja picha sawasawa na signo dhaifu. Halafu toa tyuna kwenye tundu la USB lililo nyuma ya mashine, tumia kiwaya cha kurefusha uisogeze mbali na matundu ya USB 3, yale yana kelele zake za redio na tyuna ndogo zinazipokea. Programu yako ya tyuna ikionyesha idadi ya makosa ya biti fuata hiyo, namba ya nguvu ya signo peke yake inadanganya.