Jukwaa kubwa Bagamoyo: seti za mezani, vikaragosi na kamera, hii ni tamthilia au televisheni?

MtazamajiDunda
Wakuu, kuna kundi la vijana limeomba saa nzima ya jukwaa kubwa usiku wa tamasha, muda ambao siku zote ni wa ngoma na tamthilia. Onyesho lao ni meza nne zenye seti ndogo za mji mkongwe, vikaragosi vya urefu wa kiganja, kamera tatu na skrini moja. Wanachezesha mbele yetu, kamera inachukua, picha inatoka hapo hapo. Hakuna kilichorekodiwa. Wapo wanaosema wapelekwe ukumbi mdogo, kwa sababu chuo cha sanaa tangu 1981 kimejenga jina kwa mwili wa mtu jukwaani. Swali ni moja tu: wapewe au wasipewe? Mimi nasema wasipewe. Nikitaka televisheni naangalia nyumbani, nimekunja miguu kwenye kochi.

Spoku
Mleta mada, kwa kipimo cha 1:12 mtu mzima anatoka na sentimita 14. Aliye safu ya nne haoni mkono ukiinuka. Bila kamera onyesho hilo ni la watu 30 waliobanana, ukiwa na kamera watu 300 wanaona jicho likigeuka. Na hilo neno "televisheni" ni dharau. Mchezeshaji anashika waya mbili za milimita 2 kwa vidole vitatu, mkono wa pili unasogeza taa, na bado anakwepa kivuli chake kisiingie kwenye lenzi. Mtangazaji gani wa televisheni anafanya hayo?

MtazamajiDunda
Sijamdharau mtu. Tundika skrini ya mita 4 juu ya watu watano waliovaa nyeusi, halafu uhesabu wangapi wanawatazama hao watano.

FundiTaa
Hilo linatokana na mpangilio. Wanaoanza hutundika skrini juu kabisa, meza zinabaki gizani, basi macho hayashuki tena. Skrini ishushwe mpaka ukingo wake wa chini upite vichwa vya wachezeshaji kidogo tu. Meza ziwe mbele yake, si pembeni, na ziinuliwe kufika sentimita 110 hivi, ili jicho lipande na kushuka bila shingo kugeuka. Taa za mezani zizibwe kwa vibati vyeusi zisivujie skrini.

Hesabu ya projekta: lumeni 3000 (mwanga wote wa projekta) kwenye skrini ya mita 4 kwa 2.25 zinakupa kama laksi 330, yaani mwanga unaoangukia kila mita ya mraba. Ukiwa na tamaa ukaipanua hadi mita 6, unabaki na 150 hivi, na hapo nyeusi yote inageuka kijivu. Kama lenzi ni ya 1.5, yaani umbali ni mara 1.5 ya upana wa picha, projekta ikae mita 6 kutoka kwenye skrini ya mita 4. Na onyesho lisianze kabla ya saa moja na nusu usiku. Jua likishazama, anga bado lina mwanga wa kutosha kuua picha.

BintiPwani
Wanaosema si tamthilia wanasahau kwamba duniani hili limeshafanyika miaka mingi. Hotel Modern wa Rotterdam walisimulia Vita Kuu ya Kwanza kwa udongo, majani na kamera ndogo, sauti zote zikitengenezwa pale pale na mtu mmoja mbele ya watazamaji. Kid Koala wa Kanada naye mwaka 2014 alitoka na vikaragosi, seti ndogo na kamera, wapiga fidla wakipiga moja kwa moja. Hayo yote yaliingia kumbi za tamthilia.

MtazamajiDunda
Basi waende Rotterdam.

MgosiWaNgamiani
Jamani mnabishana kama jambo hili limeshuka jana. Picha bubu na mtu anayehangaika na sauti mbele ya umma, hilo lilishapita Tanga zamani. Ule mradi wa sinema pale Vugiri, miaka ya 40, sauti ilikuwa inatoka kwenye santuri pembeni. Bagamoyo mnajidai na chuo, sisi tulikuwa na studio.

FundiTaa
1935 hadi 1937, mgosi. Filamu za milimita 16, na santuri inazunguka peke yake kwenye mashine isiyoijua mwenzake. Filamu ikikatika ukaiunga, fremu kadhaa zimepotea, santuri haina habari.

MgosiWaNgamiani
Sawa, 1935. Lakini Vugiri iko Tanga au iko Bagamoyo?

BintiPwani
Iko huko Korogwe milimani, na wenye mradi walikuwa Waingereza wanaotengeneza picha za kuwafundisha wenyeji namna ya kuishi. Sasa studio "yetu" inakuwaje, mgosi?

MgosiWaNgamiani
Umeme wa nani, milima ya nani, waigizaji wa nani? Au walikuja nao kwenye meli?

Spoku
Wagosi na mabinti, turudi mezani, maana hicho cha santuri ndicho kinachowaumiza hawa vijana leo. Picha yao inachelewa. Kamera inakula fremu 1 hadi 2, mikisa ya picha (mashine inayochagua kamera ipi itoke) 1 hadi 2, projekta 1 hadi 3. Kwa fremu 25 kwa sekunde kila fremu ni milisekunde 40, kwa hiyo jumla ni kati ya 120 na 280. Sikio linagutuka sauti ikiitangulia picha kwa milisekunde 45 tu. Ikichelewa nyuma ya picha linavumilia hadi 125 hivi. Mlango mdogo ukibamizwa mezani, "pa!" inasikika kabla mlango haujafungwa kwenye skrini, watu wanacheka pasipo kichekesho.

Dawa: kwenye projekta zima kunyoosha picha kwa programu, zima "uboreshaji" wote, weka hali ya michezo ya kompyuta. Usitumie kisambaza picha kisicho na waya, kinaongeza ucheleweshaji wake. Sauti zinazopita kwenye maikrofoni zicheleweshwe kwenye mikisa ya sauti kwa kiasi kile kile. Ngoma haipiti kwenye maikrofoni, kwa hiyo mpigaji atazame skrini, asitazame mkono wa mchezeshaji. Wapiga ngoma wazuri ndio wenye shida hapa, mwili wao unafuata mkono wenyewe.

Karatasi
Hayo yote yanaepukika. Tumieni projekta za kioo za darasani, zile za kuwekea karatasi za plastiki. Manual Cinema wa Chicago tangu 2010 wanapanga kadhaa, wanakata vivuli vya karatasi ngumu na kubadilisha kwa mkono, mmoja anafunika lenzi na mwingine anafungua yake. Mwanga unakwenda ukutani moja kwa moja, hakuna fremu ya kuchelewa. Karatasi zipangwe kwa namba upande wa kulia, zilizotumika ziende kushoto. Ukichanganya hapo onyesho limekufa.

Spoku
Vivuli ni sanaa nyingine. Na mleta mada aliyesema jukwaa hili ni la mwili wa mtu ajue kwamba hata wazee wa hapa hapa walikuwa na vikaragosi vyao. Mwana hiti, yule mwanasesere wa mti wa Wazaramo, ni nini? Hao vijana wamemweka mmoja kwenye seti ya nyumba ya mwali, anatembea sebuleni akitafuta mchumba kwa sauti ya kijana wao mmoja, na akikuzwa pale skrini anawafunika wote.

SomoWaKaole
Wewe Spoku. Rudia.

Spoku
Shikamoo Bi Somo. Nimesema mwana hiti ni kikaragosi cha asili ya pwani hii. Ni sifa hiyo, si tusi.

SomoWaKaole
Marahaba. Mwana hiti hachezeshwi, mwanangu. Anakaa na mwali ndani, anaogeshwa, anapakwa mafuta, anatunzwa kama mtoto, kwa sababu mwali anafundwa kuwa mama. Hakuchongwa mikono, hakuchongwa miguu, ana kichwa chenye vishungi, matiti na kitovu. Aliyemchonga bila mikono hakusahau. Sasa nyinyi mnamtembeza kwenye skrini ya mita 4?

MtazamajiDunda
Hapo sasa! Ndiyo maana nilisema wasipewe.

BintiPwani
Mleta mada, wewe ulisema televisheni, hukusema mwali. Usidandie.

Spoku
Bi Somo, kwa heshima zote, sura ya mwana hiti imechongwa kwenye vigoda, fimbo, ala za muziki na nguzo za makaburi ya Wazaramo. Wanaume wanaiona, wageni wanaiona, makumbusho zinaiweka nyuma ya kioo chini ya taa. Kwa nini kamera ndiyo iwe haramu?

SomoWaKaole
Kigodani anaonekana. Kaburini anaonekana. Niambie ni fimbo gani inayomtembeza mwana hiti sebuleni akitafuta mchumba kwa sauti ya kijana wa kiume.

MgosiWaNgamiani
Hahaha, Spoku, hapo jibu.

Karatasi
Samahani, kuhusu projekta za kioo kuna mtu ana maoni? Maana gharama yake ni ndogo.

FundiTaa
Lipo swali la kiufundi ambalo hakuna aliyeuliza. Mwana hiti hana kiungo hata kimoja. Wanamtembezaje?

Spoku
Wametoboa chini kwa keekee ya milimita 2, wakachomeka spoku ya baiskeli iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa. Inapita kwenye mfereji uliokatwa sakafuni mwa seti. Mchezeshaji yuko chini ya meza.

SomoWaKaole
Wametoboa.

Spoku
Si wa kale, Bi Somo, ni wa kununua kwa wachongaji wa barabarani.

SomoWaKaole
Sikuuliza bei.

BintiPwani
Spoku, nakuunga mkono tangu mwanzo wa uzi, lakini hapa unachimba shimo ukiwa ndani yake. Mbona njia ipo? Mwana hiti awekwe kwenye seti pale alipo, kitandani kwa mwali, asiguswe. Kamera ndiyo isogee. Kibao cha kamera kikikaa juu ya reli mbili za droo, sentimita 40 za mwendo zinatosha: inaanza kwenye mkono wa mwali, inaishia usoni kwa mwana hiti. Anayecheza ni mwali, mwana hiti anatazamwa tu.

FundiTaa
Inawezekana, ila reli za droo za bei ndogo zina mchezo, na mtikisiko wa milimita 1 ukikuzwa hadi mita 4 watu wanadhani tetemeko. Tia grisi nzito, si mafuta mepesi, na uzito wa kilo 2 chini ya kibao. Halafu fokasi. Kamera yenye kihisi kikubwa (kile kipande kinachopokea picha) ikiwa sentimita 20 kutoka kwenye kitu, pua iko wazi na sikio limekwenda ukungu, na ukungu huo ndio unaomwambia mtazamaji kwamba nyumba hii ni boksi. Tumieni kamera zenye kihisi kidogo, mbane tundu la lenzi na kuongeza taa. Umeme wetu ni hezi 50, kwa hiyo shata iwe 1/50 au 1/100, la sivyo taa za LED za bei nafuu zitapiga mistari kwenye picha. Na mti mweusi uliopakwa mafuta unang'aa vibaya, taa itoke pembeni kupitia karatasi nyeupe, isitoke mbele.

SomoWaKaole
Asitobolewe, asitembezwe, asipewe sauti. Na anayemshika kumweka kwenye seti awe mwanamke. Hayo manne.

Spoku
Matatu ya kwanza nitawafikishia. La nne timu ina msichana mmoja na yeye ndiye yuko kwenye mikisa ya picha, hawezi kutoka pale katikati ya onyesho.

SomoWaKaole
Amweke kabla ya onyesho. Mbona rahisi.

MtazamajiDunda
Naona sasa mmeshawapa jukwaa bila hata kupiga kura. Haya, kama mwana hiti atatulia, umeme je? Ukikatika katikati, ngoma inaendelea gizani. Hawa wanafanya nini na meza zao nne?

FundiTaa
UPS (betri ya akiba) ya VA 1000 ina kama wati 600. Usiunganishe kila kitu. Projekta wati 300, mikisa na kamera wati 60, hapo una dakika chache, kama betri ni nzima, mpaka jenereta iwashwe. Taa za mezani ziwe za betri tangu mwanzo. Sauti iache ife, ngoma ipo. Kama projekta ni ya balbu na imezimika ghafla, haiwaki mpaka ipoe, unapoteza dakika moja au mbili ukitazama kitaa chekundu. Za LED na leza zinawaka haraka. Jenereta nayo isilishe projekta moja kwa moja, ipitie kwenye UPS, maana volti zake hupanda na kushuka kila inapoongezewa mzigo.

MtazamajiDunda
Na jenereta itakaa wapi isisikike? Nyuma ya jukwaa ni upepo, unaleta mlio wote kwa watu.

FundiTaa
Upande ambao upepo unatoka kwa watu kuuelekea, mita 40, waya wa milimita 2.5 za mraba. Waya wa picha ndio tatizo zaidi. HDMI ya kawaida ikipita mita 10 inaanza kukatakata, na waya lazima uzunguke jukwaa mpaka kwenye projekta. Wapate vigeuzi vya SDI (vinavyogeuza HDMI ipite kwenye waya mrefu, kimoja kila mwisho) na waya mnene wa koaksi, mita 30 si kitu. Spoku, wanavyo?

Spoku
Wana kigeuzi kimoja. Vinatakiwa viwili.

MgosiWaNgamiani
Tanga kuna mtu anavyo vyote viwili. Lakini kwanza BintiPwani akubali Vugiri ni yetu.

BintiPwani
Vigeuzi vije na basi la asubuhi, mambo ya Vugiri fungua uzi wako.