Mchongo wa kikao cha harusi: aliyepenyezewa siri ya kampuni akanunua hisa, naye abanwe?

Mtoa mada: Wakuu, salaam.

Juzi kwenye kikao cha harusi Sinza, tukisubiri akidi itimie, jamaa mmoja aliniinamia akaninong'oneza: kampuni fulani inatangaza gawio nono, yaani mgao wa faida kwa wenye hisa, "nunua kabla ya Ijumaa." Hakuomba hata soda. Sikununua, na si kwa uadilifu. Sikuwa na hela. Lakini swali limenikaa: ningenunua, ningekuwa nimeiba?

Sheria yetu ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya 1994 inakataza kununua au kuuza hisa kwa taarifa za ndani. Mkurugenzi anayevujisha tunamwelewa, amekabidhiwa dhamana. Mimi wa kikao cha harusi nimekabidhiwa nini?

Wamarekani wameligombania hili miaka mingi. 1980 Mahakama ya Juu yao ilimfutia hatia Vincent Chiarella, fundi wa kiwanda cha uchapaji New York. Nyaraka za kampuni zinazotaka kununua nyingine zilipita mikononi mwake, majina yamefichwa. Akayabashiri, akanunua hisa, akavuna kama dola 30,000. Majaji wakasema hakuwa na wajibu wowote kwa waliomuuzia. 1983, kwenye kesi ya Dirks, wakaweka kipimo: mpokeaji anabanwa iwapo mtoaji alivunja uaminifu kwa faida yake binafsi, na mpokeaji akalijua hilo.

Faida gani sasa? Kesi ya Salman ya 2016 ni ya ukoo mtupu. Maher Kara wa benki ya Citigroup alikuwa akimpa siri ndugu yake Michael. Kuna siku alitaka kumpa pesa, Michael akakataa, akataka habari. Michael naye akampasia Bassam Salman, shemeji wa Maher, aliyevuna zaidi ya dola milioni moja na nusu. Utetezi wake: Maher hakulipwa hata senti. Majaji wote wakakataa: kumpa ndugu siri ni sawa na kufanya biashara mwenyewe kisha ukamzawadia faida.

Nami nasema mpokeaji abanwe, ilimradi alijua siri imetoka wapi.

Mpita Njia wa Mbagala: Mkuu, unaleta Marekani kwenye soko lenye kampuni zisizofika thelathini? Hapa kila mtu ni shemeji wa mtu. Anza na vigogo, wa kunong'onezwa waache.

Mtoa mada: Huo udogo ndio unaonitisha. Kuna hisa zinamaliza siku hazijaguswa. Mwenye mchongo akiingia, anayemuuzia ni nani? Ni mwalimu mstaafu wa Temeke anayetafuta ada ya mjukuu.

Mpita Njia wa Mbagala: Huyo mwalimu angeuza tu siku hiyo, siri iwepo isiwepo. Tena mnunuzi wako kampandishia bei kidogo. Kaibiwa nini?

Mtoa mada: Hapo umenibana, angeuza kweli. Ila wiki ijayo gawio likitangazwa, atajua aliyenunua hisa zake alikuwa anajua. Dalali wa hisa akimwita tena atajibu "hayo ni mambo ya wenyewe", na jirani zake watamsikia.

Karani Mstaafu: Nimekaa upande wa madalali miaka kadhaa. Kununua kunaacha alama. Akaunti ina jina, oda ina saa. Kenya mwaka 2018 mamlaka ya masoko ya mitaji ilizuia akaunti baada ya hisa za kampuni ya mafuta ya KenolKobil kununuliwa kwa namna ya kutia shaka, kabla Rubis ya Ufaransa haijatangaza kuinunua. Mnong'ono ndio hauna risiti. Utathibitishaje kwamba "alijua"? Na wajanja hawanunui kwa jina lao, wananunua kwa jina la mama mkwe.

Mtoa mada: Basi jela ibaki kwa mvujishaji, maana kwake ushahidi wa dhamana upo kwenye mkataba wa kazi. Mpokeaji anyang'anywe faida yote, na faini juu. Mama mkwe akishindwa kueleza hela ya kununulia ilitoka wapi, jina lake halitamwokoa mtu.

Mpita Njia wa Mbagala: Hilo naweza kulimeza. Lakini hujatuambia, Ijumaa ile kampuni ilitangaza?

Mtoa mada: Haikutangaza chochote mkuu. Na mchango wa harusi bado nadaiwa.