Klorini ya vidonge, ya chembe au ya maji kwa bwawa la nyumbani?

Mwenye bwawa, Karen
Wadau, bwawa ni mita 10 kwa 4, kina cha wastani 1.5, yaani lita 60,000. Tunatumia vidonge vya gramu 200, viwili kila siku tatu, huu mwezi wa tatu. Kipimo kinasoma klorini 3 (miligramu kwa lita), pH 6.9, alkali 40, lakini kuta zina utelezi wa kijani. Nihamie chembe au klorini ya maji?

Fundi, Lavington
Pima stabilaiza, yaani asidi sayanuriki, kwanza. Zaidi ya nusu ya uzito wa kidonge ni asidi sayanuriki, inayokinga klorini dhidi ya jua. Klorini hutumika ikaisha, asidi hiyo hubaki. Kwa kipimo chako unaongeza kama miligramu 37 kwa lita kila mwezi, na bwawa linataka 30 hadi 50 tu. Ikifika 120, klorini 3 haiwezi kuua mwani. Utahitaji kama 9. Vidonge pia ni tindikali, ndiyo maana pH imeshuka, na maji ya namna hiyo hula saruji ya katikati ya vigae.

Kupima: changanya maji na dawa yake hadi yawe kama maziwa mepesi, kisha mimina polepole kwenye mrija wenye doa jeusi chini. Doa likipotea machoni, soma mstari. Likipotea kwenye 100, rudia kwa nusu maji ya bwawa, nusu ya bomba, halafu zidisha kwa mbili.

Runda
Mimi ningechagua chembe za asilimia 65. Gramu 92 hupandisha klorini yako kwa 1. Maji ya kanjo ni laini, yaani hayana kalsiamu nyingi, kwa hiyo kalsiamu inayoongezeka haidhuru. Koroga kwenye ndoo ya plastiki, acha chokaa ituame, mimina yaliyo juu jua likizama, pampu ikizunguka. Ukizitupa kavu, zinaacha madoa sakafuni.

Kitisuru
Ya maji ni rahisi zaidi, haina mashapo: nusu lita ya asilimia 12 kwa kila 1. Ila mtungi ukikaa juani nguvu hupungua wiki baada ya wiki. Nunua ya wiki mbili, uweke kivulini.

Fundi, Lavington
Jamani, chembe na vidonge visikutane kamwe, hata kwa kijiko kimoja au ndoo isiyooshwa. Hushika moto, hulipuka. Na dawa ndiyo huingia kwenye maji, si maji kwenye dawa.

Mwenye bwawa, Karen
Nimerudia kupima kwa nusu kwa nusu: 60, kwa hiyo 120.

Fundi, Lavington
Basi badilisha theluthi mbili ya maji, lita 40,000. Hakuna dawa ya kuaminika ya kuondoa stabilaiza. Ni maboza manne ya lita 10,000, gharama haiepukiki. Usikaushe bwawa lote, hasa masika, maji ya ardhini yanaweza kulisukuma juu likapasuka. Boza la kisima mara nyingi huja na alkali nyingi, kwa hiyo pima upya kabla ya kununua chochote. Ikiwa alkali bado chini ya 80, kilo 1 ya soda ya kuokea hupandisha 10.

Kisha sugua kuta, na jioni weka kilo 1.5 za chembe kwa ndoo tatu. Klorini itapanda kwa kama 16. Pampu izunguke usiku kucha. Geji ya chujio ikipanda psi 8 juu ya kawaida yake, osha mchanga kwa kurudisha maji nyuma. Asiingie mtu hadi klorini ishuke chini ya 5.

Runda
Na kielea cha vidonge, kile chombo kinachoelea navyo bwawani, ukitoe kabla ya hizo chembe.